Unyevu Wenye Ratiba

3 Februari

Kaka,

Shikamoo. Najua ukiona mwandiko wangu utataka kuikunja hii karatasi bila kuisoma. Isome tu. Sijaandika kwa ajili yangu, nimeandika kwa ajili ya chumba cha seva.

Nimekupigia simu mpaka nikakubali kwamba namba yangu umeifungia. Wifi ndiye aliyenionea huruma. Kaniambia nikitaka unisikie niandike, niitume kwa basi la asubuhi, yeye ataifikisha mkononi mwako hata kama utanuna.

Ni hivi. Tangu mwezi uliopita mashine zinajizima zenyewe. Kabati la pili, lile lenye kumbukumbu za wagonjwa wa wodi zote, limezima mara nne. Kipimajoto ukutani kinasema nyuzi kumi na saba, mimi mwenyewe naingia na sweta, lakini mashine zinalia joto. Na unyevu, Kaka, siku nyingine unafika asilimia themanini. Juzi nimeshika mlango wa kabati, vidole vikatoka na maji. Kama ule mwaka.

Ulipoondoka alikuja fundi mwingine. Hapa tunamwita Ongeza, maana kila tatizo dawa yake ni kuongeza. Kaongeza ubaridi, kaongeza feni, mwisho akaleta kiyoyozi chenye nguvu mara mbili ya kile chako. Kinawaka dakika nne, kinazima, kinawaka tena, kama mtu mwenye kwikwi. Sasa anataka kuongeza cha pili.

Wiki iliyopita daktari wa wodi ya watoto alisubiri faili la mtoto kwa dakika arobaini, kabati limezima. Ni mama mtu aliyekumbuka jina la dawa inayomdhuru mwanawe. Asingekumbuka, sijui leo ningekuwa nakuandikia nini.

Baba hajambo, bado anakaa kwangu. Miguu inamsumbua kidogo.

Mdogo wako,
Kitinda


9 Februari

Kitinda,

Marahaba. Barua nimeipata. Simu sitapokea. Maneno yako ya mdomo niliyasikia mbele ya kamati iliyonifukuza kazi, yalinitosha. Ukiandika, karatasi inabaki.

Kwanza, hicho kipimajoto kimetundikwa wapi? Nina hakika kiko chini ya mdomo wa kiyoyozi. Kikikaa hapo kinapima kiyoyozi, hakipimi chumba. Tafuta vitatu vya mkononi. Kimoja kiweke mbele ya kabati chini, kimoja mbele juu, kimoja nyuma. Utashangaa.

Pili, fungua milango ya makabati uangalie nafasi tupu kati ya mashine na mashine. Seva inavuta hewa mbele, inaitema nyuma ikiwa moto. Pakiwa na pengo, ule moto unapenya pengoni na kurudi mbele, mashine inavuta pumzi yake yenyewe. Hapo hata ukikitia chumba barafu, bado italia joto. Kata bati jembamba, ziba kila pengo.

Tatu, pandisha kiyoyozi hadi nyuzi ishirini na tatu. Usibishe. Chuma kikiwa baridi mno na hewa ina maji, chuma kinatoka jasho. Na hicho kiyoyozi cha Ongeza ni kikubwa kuliko chumba. Kinapoza hewa upesi, kinazima kabla hakijapata muda wa kuikamua maji. Kwikwi uliyoisikia ndiyo hiyo. Mwambie akipunguze kasi, kinaruhusu. Mimina pia kikombe cha maji kwenye bomba lake la kutolea maji, uone kama yanatoka nje au yanarudi ndani.

Halafu andika joto na unyevu kila saa, wiki nzima, uniletee. Usinipe maneno ya "siku nyingine". Nataka saa.

Kuhusu Baba, hukusema kama ananiulizia. Nimeelewa.

Kaka yako


17 Februari

Kaka,

Shikamoo. Ulikuwa sahihi mpaka nikaona aibu. Mbele chini nyuzi kumi na nane, mbele juu thelathini na nne! Chumba kimoja, kabati moja. Mapengo yalikuwa kumi na moja. Nimeyaziba yote kwa bati, na Ongeza mwenyewe amekata vipande, maskini, si mtu mbaya. Kasema hakuna aliyewahi kumfundisha hilo. Tangu hapo hakuna mashine iliyozima kwa joto.

Bomba la maji ni zima. Kasi imepunguzwa.

Ila unyevu bado. Umeshuka kidogo tu. Nakuambatishia karatasi nne za vipimo, nimekaa na saa kama mkunga. Ukiziangalia utaona usiku tuna hamsini na tano, sitini. Mchana unapanda. Siku nyingine haupandi kabisa. Mimi nimeshindwa kusoma kinachosemwa hapo.

Baba jana kaona nakuandikia. Kauliza, "Nani huyo?" Nikamwambia ni mambo ya kazi. Si uongo.

Kitinda


22 Februari

Kitinda,

Karatasi zako nimezitandaza juu ya jokofu la mteja, nimezikodolea macho mpaka mwenye jokofu akauliza kama mashine yake imekufa. (Siku hizi natengeneza majokofu ya maziwa. Maziwa hayana kamati.)

Angalia vizuri. Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, unyevu unaanza kupanda. Saa saba unashuka. Jumanne hakuna kitu. Jumatano, saa mbili na nusu, huo tena. Ijumaa vilevile. Jumapili kimya kabisa.

Hali ya hewa haina Jumatatu wala Ijumaa, Kitinda. Unyevu wenye ratiba unatoka kwa mtu anayefanya kazi. Kuna mahali jirani na chumba chako panapowashwa kitu chenye maji saa mbili na nusu, na pana njia ya kuja kwako.

Fanya hivi. Saa tatu asubuhi, Jumatano, kata ukanda mwembamba wa karatasi ya tishu, ushike kwa vidole viwili, upite nao taratibu ukutani kote, kwenye kingo za mlango, sakafuni nyaya zinapoingia. Halafu panda ngazi, inua vibao vya dari, ufanye hivyohivyo juu. Tishu ikicheza, hapo ndipo. Usiharakishe. Baba alinifundisha hivyo kwenye boila lake la mvuke, na mimi sikuwahi kukufundisha wewe kwa sababu ulikuwa unachukia ngazi.

Nakumbuka ule mwaka maji yalidondoka kwenye mashine ya kuhifadhia kumbukumbu, Ijumaa saa tano. Nimeikumbuka saa hiyo miaka mitatu. Sikuwahi kujiuliza kwa nini saa tano.

Kaka


26 Februari

Kaka,

Shikamoo. Nimepata.

Ni juu ya dari, ukuta wa nyuma. Nilipanda ngazi, Ongeza kaishika kwa mikono miwili huku akiomba dua kwa sauti. Tishu ilikuwa imelala, imelala, halafu ikaruka usoni kwangu. Hewa ya moto inayonuka sabuni. Pale zinapopita nyaya kuna tundu lenye upana wa sahani ndogo, na upande wa pili ni chumba cha kufulia. Mama mkuu wa kufulia kaniambia feni yao ya kutolea mvuke imekufa zamani, na siku za mashuka ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mvuke umekosa dirisha, ukatafuta njia, njia ikawa kwangu.

Tumeliziba jana mchana kwa lile povu gumu lisiloshika moto, pande zote mbili. Leo ni siku ya mwisho ya kuandika vipimo. Unyevu ulishuka hadi hamsini na mbili janahiyo, mashuka yakiwa bado yanafuliwa, na haujatikisika.

Tundu lina muda mrefu. Nyaya zimeshikana na vumbi.

Asante, Kaka. Sina neno lingine, asante.

Kitinda


4 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimempa wifi yako naye akaisoma kwa sauti. Akalia, mimi nikatoka nje nikajifanya natafuta bisibisi.

Miaka mitatu, Kitinda. Miaka mitatu najiuliza ni kitu gani sikukiona. Nimekilaza kile kiyoyozi kichwani mwangu, nimekifungua skrubu kwa skrubu. Nilisafisha kichungi, nilipima gesi, nililipuliza bomba. Kosa langu lilikuwa kutosaini kadi ya matengenezo, na wewe uliulizwa kuhusu kadi, ukajibu kuhusu kadi. Hulaumiwi kwa kusema kweli. Niliumia tu kwamba ulinishikia tochi siku ile, ukaniona nikifanya kazi, na hukulisema hilo. Lakini labda hawakukuuliza. Yaishe.

Sasa nakuomba jambo moja. Kazi siitaki tena, nimezoea maziwa yangu. Nakuomba umsomee Baba barua hii. Unajua aliniambia nini siku ile. "Miaka thelathini na moja kwenye boila, sijaacha vali hata moja bila kuigusa. Wewe umeacha chumba kizima." Tangu hapo hajanijibu salamu. Mwambie kulikuwa na tundu. Mwambie fundi yeyote wa ujenzi aliyelitoboa bila kulisema ndiye aliyeacha chumba kizima, si mwanawe. Atakuelewa mara moja, ni mtu wa mvuke yule. Akisikia "tundu na chumba cha kufulia" hatahitaji maelezo.

Ukishamsomea, niandikie alivyosema. Neno kwa neno, hata kama ni tusi.

Kaka yako anayekupenda


18 Machi

Kaka,

Shikamoo. Samahani nimechelewa. Tumekuwa na ukaguzi, na Baba alishikwa na mafua, sikutaka kumchosha. Natafuta siku nzuri. Chumba kiko salama.

Nisalimie wifi.

Kitinda


23 Machi

Kitinda,

Pole na mafua ya Baba. Siku yoyote ni nzuri. Hata kama amenuna, soma tu.

Basi la asubuhi huwa linafika saa nane. Siku hizi saa nane nakuwa stendi, najidai napokea vipuri.

Kaka


5 Aprili

Kaka,

Najua wifi amekwishakupa habari kwamba Baba ameanguka. Kiharusi, tarehe mosi asubuhi. Yupo wodini hapahapa hospitalini. Mkono wa kulia hauna nguvu. Anazungumza, lakini maneno yanatoka yamechanganyika, na watu anawachanganya. Mimi ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa.

Hayo si niliyokaa kuandika. Chukua kiti, Kaka.

Lile tundu nililitoboa mimi.

Wakati ule walikuwa wanaleta nyaya za wodi mpya. Ilitakiwa fomu, na fomu ilitakiwa saini yako, na nilijua ungekataa ukuta wa chumba kutobolewa upande ule. Ungetaka zizungushwe kwa nje, siku nne zaidi. Mimi nilitaka wodi ifunguliwe niambiwe hongera. Nikamwita fundi wa ujenzi mchana ukiwa kwenye jengo jingine. Alipomaliza akaniuliza, "Dada, nizibe?" Nikamwambia, "Acha kwanza, kesho tunapitisha waya mwingine." Waya mwingine haukuja. Nikasahau. Miezi mitano baadaye maji yakadondoka.

Nataka uniamini kwenye hili moja: mbele ya kamati sikulikumbuka. Hilo la tochi nililikumbuka. Hakuna aliyeniuliza, kweli, na nikashukuru kwamba hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa na hofu kwamba tukionekana ndugu tunateteana tutafukuzwa wote wawili. Lakini tundu lilikuwa limenitoka kabisa.

Nilipoinua kile kibao cha dari nililikumbuka kabla hata tishu haijaruka. Niliyajua yale matofali. Na tangu siku hiyo hadi leo ni siku thelathini na tisa, na ndani ya siku hizo sikusahau chochote. Uliposema "yaishe", niliona kwamba umenisamehe kwa kosa dogo, na kubwa liko mfukoni mwangu.

Mafua ya Baba yalikuwa ya siku mbili. Ile Jumapili kabla hajaanguka niliichukua barua yako nikakaa karibu naye. Akaiona. Akasema, "Soma basi. Ya nani?" Kaka, alisema soma. Nikaangalia lile neno lako, fundi yeyote wa ujenzi aliyelitoboa, nikajua ataniuliza ni nani aliyemtuma, kwa sababu ndivyo alivyo, haachi swali katikati. Nikamwambia, "Ni ya ofisini tu, Baba." Akasema, "Haya." Akafunga macho.

Sasa nimemsomea mara mbili, pale kitandani, yote mpaka mwisho. Nimemwambia na hilo langu. Alinitazama mdomo kama mtu anayetazama televisheni iliyozimwa sauti. Kisha akaniuliza kama mvua imekatika.

Sikuombi kitu.

Mdogo wako


10 Aprili

Nimepokea.

Alhamisi nitakuja kumwona Baba. Saa za kuona wagonjwa za mchana. Usiwepo.


13 Aprili

Kaka,

Sitakuwepo. Kitanda chake ni cha tatu kutoka dirishani, upande wa kushoto. Anapenda uji usiwe mzito, na ukimlisha mpe muda ameze, usimfuate na kijiko.

Nakuwekea hapa nakala ya barua niliyompelekea mkuu wa utawala leo asubuhi. Nimeandika yote. Tundu, fomu ambayo haikujazwa, tochi. Aliisoma mbele yangu, akaivua miwani, akasema, "Unajua unachokifanya?" Nikamwambia nimechelewa kukijua. Wamechukua kadi yangu ya mlango, nikae nyumbani hadi kamati ikutane. Funguo za makabati nimemkabidhi Ongeza, nimemwonyesha vipimo vinavyoandikwa. Ataweza.

Nimeiandika kwa mkono, karatasi zibaki.

Mdogo wako


20 Aprili

Kitinda,

Nilifika Alhamisi. Nilikuja na maneno niliyoyapanga njia nzima, ya Baba na mengine yako kama ningekukuta. Ya kwako yalikuwa makali. Nashukuru hukuwepo.

Baba alikuwa ameegemeshwa mito. Amekuwa mdogo, hukuniambia. Nikasema shikamoo. Akaitikia, "Marahaba," hivihivi, kama anavyomwitikia mtu yeyote. Miaka mitatu nilikuwa naililia hiyo marahaba, nikaipata kwa sababu hakujua anampa nani.

Akanitazama mikono. Akauliza, "Wewe fundi?"

Nikasema, "Ndiyo, mzee."

"Wa nini?"

"Ubaridi."

Akafurahi. Upande mmoja wa uso ndio uliofurahi. Akasema, "Mwanangu naye ni wa ubaridi. Yuko hapahapa. Chumba cha mashine za kumbukumbu, unakijua?"

Nikasema nakijua.

"Kijana mwangalifu," akasema. Maneno yanamtoka polepole na mengine hayakuwa yenyewe, lakini hayo yalikuwa yenyewe, niliyasikia. "Mwangalifu kunishinda. Hawezi kuacha kitu."

Nikamuuliza, "Yuko wapi sasa?"

Akanishangaa. "Kazini," akasema. "Saa hizi yuko kazini."

Kitinda, nilikuja na barua yangu ile mfukoni. Nilitaka kumsomea mwenyewe, nikidhani kwa sauti yangu labda atanielewa. Sikuitoa. Ningemsomea nini? Mahali alipo hakuna kamati, hakuna tundu, sijafukuzwa kazi. Ningemwambia kuhusu tundu ningelazimika kwanza kumwambia kwamba nilifukuzwa. Nikakaa kwenye kile kiti cha chuma mpaka muuguzi alipopiga kengele, nasikiliza mtoto wake anavyosifiwa, na mara mbili nikasema, "Hongera, mzee, umezaa." Sikumwambia ni mimi.

Njia nzima ya kurudi nimejaribu kuamua kama nimepata nilichokitaka. Nimeshindwa. Nilitaka ajue halafu aseme. Amesema bila kujua. Wewe ulikuwa na karibu wiki nne za kunipa kile kingine, na aliomba mwenyewe asomewe. Hilo ndilo linalonikaba. Tundu naweza kulielewa. Nimefanya kazi na watu, najua kesho ya mafundi. Hata tochi nitaielewa siku moja. Lakini "ni ya ofisini tu" sijui niiweke wapi.

Nakala ya barua yako nimeiona. Umeandika vizuri, hukujitetea. Wifi yako anasema nikujibu kwamba nimekusamehe, maana nisipoandika sasa nitajuta kama wewe unavyojuta. Nimemwambia nikiandika leo utakuwa wino tu.

Baba nitakuwa namtembelea kila Alhamisi. Siku nyingine ni zako. Mpeleke uji mwepesi, na akikuita kwa jina la shangazi, itikia.

Kaka yako